Dishi Juu ya Majlis

Mambo yote yaliharibika Jumanne, tarehe nne Novemba, mwaka 2025, mbele ya duka la simu pale Hamriya, mtaa wa mjini, jua likiwa halijapanda vizuri.

Mazoon binti Mahfoudh alisimama kwenye kivuli cha bango akimngojea fundi cherehani ampunguzie mikono ya abaya. Aliyovaa ilikuwa ya rangi ya majivu, na shela nyeupe ya hariri iliyoteleza kila alipogeuza shingo. Udi wake ulishindana na harufu ya sambusa za jirani, na udi ulikuwa unashinda. Magari yalipiga honi, wauza nguo waliita wateja kwa lugha nne. Simu ikalia. Alikuwa kaka yake, Yaqdhan.

"Mazoon, uko wapi?"

"Hamriya. Kwani vipi, mbona sauti yako hivyo?"

"Baba kaanguka."

"Kaanguka wapi?"

"Kwenye mfereji, alipokwenda kufungulia mitende maji. Jana magharibi. Kalala pale mpaka watu walipotoka kwenda kuswali alfajiri. Muatasim, jirani yake, kaendesha gari mpaka barabara kubwa ndo akapata mtandao wa kunipigia."

Simu ikamponyoka. Ikapiga ukingo wa ngazi, kioo chini.

Aliyeiokota alitoka ndani ya duka. Alivaa dishdasha, kanzu nyeupe ya Kiarabu, iliyokunjwa mikono na kofia iliyotariziwa kwa uzi wa kahawia, na penseli ilikuwa sikioni. Jina lake Jaifar, na duka lilikuwa lake. Alikwishamsikia akizungumza Kiswahili cha nyumbani, cha Waarabu waliotoka Unguja, basi naye akamjibu kwa hichohicho.

"Dada, kaa kwanza."

"Sina wakati wa kukaa."

"Basi chukua simu yangu umalizane naye. Hii yako imekufa."

Mazoon alimpigia kaka yake kwa simu ya mtu asiyemjua, akairudisha, akashukuru bila ya kumtazama, akakimbilia gari. Nyuma yake aliacha abaya kwa fundi cherehani na simu iliyokufa mkononi mwa Jaifar.

Kijiji chenyewe kinaitwa Hail Sidr, milimani, nyuma ya mji wa Quriyat. Simu huko ni ya kutazamia saa tu. Miaka minne nyuma mama yake Mazoon alikata roho katika nyumba hiyohiyo, mume wake akiwa njiani anatafuta mahali pa kupigia gari ya wagonjwa. Wakubwa wa serikali walikuja matangani na magari yao meupe, wakanywa kahawa, wakasema mnara wa simu uko njiani. Mmoja alinyoosha kidole akaonyesha hata jabali utakapowekwa. Jabali lipo mpaka leo, tupu. Wakubwa nao wapo, wamepandishwa vyeo.

Toka hapo mzee Mahfoudh alibaki peke yake. Mtu aliyefiwa na mke hula amesimama, na hulala redio ikisema. Wenye wake hawalijui hilo, na walio ofisini hawaulizi.

* * *

"Nimekuja kuchukua maiti yangu," Mazoon alisema aliporudi dukani wiki iliyofuata.

"Maiti imefufuka," Jaifar akajibu. Akaitoa simu kwenye mtoto wa meza, kioo kipya kinang'aa. "Na mzee?"

"Nyonga. Wamemtia vyuma. Na hataki kukaa kwa kaka yangu Amerat. Ati kijijini kuna maji ya mfereji, Amerat kuna maji ya lori."

"Si uongo."

"We! Usimtetee, humjui."

"Nnamjua wa kwangu. Walitoka Unguja pamoja wote hao, na ubishi waliupakia mzigo mmoja."

Mazoon akacheka, mara ya kwanza toka ile Jumanne, halafu akaona haya kucheka. Akageukia ukutani. Palitundikwa kitu cheupe, bapa, mfano wa sinia la pilau.

"Na hili nalo?"

"Dishi la intaneti ya setilaiti. Halitaki mnara wala halitaki wakubwa. Linataka mbingu tu."

Hapo Mazoon akavuta kiti. Alikuwa mhasibu wa kampuni moja ya zahanati kule mtaa wa Ghubra. Yaqdhan alikuwa na watoto wadogo na mkuu wa kazi asiyesikia la mtu. Walimpata msichana wa Kiganda, Shamira, wa kumsaidia mzee, lakini mzee alikataa dawa kutoka mkono asiouzoea. Mtu wa kupanda mlimani alikuwa Mazoon. Bosi wake, Wael, alimkubalia afanye kazi akiwa huko kwa majaribio, kwa sharti moja: kila mwisho wa mwezi hesabu zifungwe kwa wakati. Zisipofungwa, arudi mezani kwake Ghubra au aache kazi.

"Basi nambie kweli," alisema. "Lafaa, au ni kutupa pesa?"

Jaifar aliitoa penseli sikioni, akaanza kuuliza. Nyumba iko bondeni au juu? Mlima umeziba upande gani? Umeme unakatika? Watumiaji wangapi? Alimwambia kuwa aliye mjini asijisumbue, na aliye na mtandao wa simu hata wa kusuasua atazame kwanza malipo ya kila mwezi, maana hayaishi, ukikosa mwezi mmoja unakatiwa. Lakini asiye na kitu kabisa, hesabu yake nyingine.

"Sisi hatuna kitu kabisa."

"Niachie nifikirie," alisema Jaifar.

Akafikiria muda mrefu kuliko dishi linavyohitaji.

Mazoon akawa anapiga simu kuulizia. Alipiga akitoka kazini, akiwa kwenye foleni ya magari ya Amerat, na foleni ile ina watu wazima wamekwishaoana na kuachana humohumo kwa simu.

"Halo, mwenye masinia."

"Halo, mwenye maiti."

"Ushafikiria?"

"Nnakufikiria kutwa."

"Dishi, Jaifar! Nakuuliza dishi."

"Dishi nalo lipo humohumo."

"Una maneno we. Na jibu langu?"

"Ngoja bei ishuke."

Siku nyingine alisema kiangazi jua litalichosha. Siku nyingine tena, mlima wa kaskazini huenda ukaziba. Mazoon akachoka.

"We mwenye duka gani unafukuza wateja?"

"Nikikuuzia, unapanda mlimani. Nnajiuzia khasara mwenyewe. Nnakupoteza."

Honi zikalia nyuma ya gari la Mazoon. Foleni ilikuwa imesogea, yeye hakusogea.

"Unanipoteza? Kwani ulishanipata?"

"Bado. Ndo nnavyohangaika hivi."

"Basi hangaika vizuri, roho yangu. Baba yangu hawezi kungoja bei ishuke."

"Umeniita nani?"

"Nimekata simu."

Hakukata. Walizungumza mpaka akaingia uani kwa kaka yake, na shemeji yake akamtazama kwa dirisha.

Wakapatana. Jaifar atalifunga dishi mwenyewe. Kila jioni baada ya isha atampigia. Mzee akishaweza kusimama kwa mkongojo, Bi Nasriya, mamake Jaifar, atapanda na wazee kwenda kuposa kama watu. Mpaka hapo siri.

"Siku ya kufunga usinitazame," Mazoon alimwambia. "Usiniulize kitu, usinitaje. Watu wa kule wanaliona jicho linapokwenda."

"Nitakwenda kama kipofu," akaahidi. Na alikwenda kama kipofu kweli, na hilo ndilo lililomponza.

* * *

Januari ilipoanza, mzee na Mazoon wakiwa wametangulia, Jaifar alipanda na gari ya Yaqdhan, dishi limefungwa kwa blanketi nyuma. Nyumba ya mzee Mahfoudh ni kama nyumba zote za huko: majlis, chumba cha kupokelea wageni wanaume, iko mbele na ina mlango wake wa barabarani. Kisha ua. Ng'ambo ya ua ndiyo nyumba yenyewe, ya wanawake na watoto, kuta zake za mawe nene kama za gereza. Kati ya majlis na ua pana kidirisha cha kupitishia sinia la kahawa.

Jaifar alikalishwa majlis. Kahawa ikaja kwa kidirisha, na tende, na halwa. Aliuona mkono ukisukuma sinia, mkono wenye pete anayoijua, akageuza uso akatazama zulia.

"Tulifunge wapi?" aliuliza.

"Hapahapa," Yaqdhan alisema. "Hapa ndipo watu wanapokaa."

Watu. Jaifar alijua vizuri nani aliyehitaji mtandao. Alijua pia kwamba akitaja chumba cha ndani atamtaja Mazoon, na akimtaja sauti itamsaliti. Basi akapanda juu ya majlis, akalielekeza dishi, akaliunganisha na kisanduku cha waifai kwenye kona, nyuma ya mito. Akajaribu kwa simu yake. Mtandao ukaja kama maji. Mzee Mahfoudh, mguu juu ya mto, akaonyeshwa sura ya dada yake aliyeko Unguja, akalia mbele za watu.

"Wakubwa wametusumbua miaka na mnara," alisema. "Kijana huyu kaleta kwa blanketi."

Jaifar akateremka mlima akiwa na furaha. Hakuwa amevuka ua.

* * *

Mtandao ule ulifika mpaka katikati ya ua, ukakutana na mawe ya ukuta, ukaishia hapo. Wiki ya kwanza haikuwa neno. Mazoon alikaa majlis peke yake asubuhi, kompyuta magotini, akafanya kazi.

Kisha khabari ikatembea. Muatasim alikuja kumjulia mgonjwa hali, akakaa mpaka adhuhuri. Kesho yake akaja na wadogo zake. Kumtazama mgonjwa ni wajibu, na mgonjwa mwenye waifai hutazamwa sana. Wakaja wa kijiji cha juu na wa kijiji cha chini, na walioleta samli, na waliosema mara ya mwisho kumwona mzee ni harusi ya fulani. Walikaa safu nzima wameegemea mito, kila mmoja anatazama simu yake, wamenyamaza kama wanaomboleza. Nani angewafukuza? Huko huwezi kumfungia mtu mlango wa majlis. Na mwanamke hawezi kwenda kuketi na hesabu zake katikati ya wanaume kumi na tano.

Mazoon alimwambia baba yake. Baba yake akasema, "Wageni hao, mwanangu." Akampigia Yaqdhan, akasema atakuja wiki ijayo. Basi akawa anaweka kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa, uani, chini ya kidirisha cha kahawa, shela kichwani na shela nyingine juu ya kompyuta kuzuia jua. Mtandao uliotoka kwa kidirisha ulikuwa mabaki ya mpira aliokuwa akiutazama Muatasim kwa simu, na ujumbe kwa Jaifar ulizunguka tu bila ya kwenda.

"Sista Mazoon," Shamira alimwambia, ameshika beseni, "hata mbuzi wanakushangaa. Wanasema huyu naye amefanya makosa gani?"

"Waambie nimesoma sana."

"Mimi niliahidiwa waifai, ndiyo maana nilikubali huku mlimani. Mama yangu kule Masaka anafikiri nilikufa."

Usiku, baada ya isha, majlis hujaa zaidi. Simu ya Mazoon, ndani ya kuta, ilikuwa mfu.

Kule Hamriya Jaifar alipiga, akapiga. Haipatikani. Lakini fundi anayefunga madishi ana njia ya kuyatazama kwa mbali, ajue lipi linafanya kazi na lipi limeanguka. Akatazama. Dishi la Hail Sidr lilikuwa zima kabisa. Tena lilitumika kuliko madishi yote aliyowahi kufunga, na lilitumika zaidi baada ya isha.

Akalitazama hilo siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Mtu akipenda hageuki mjinga moja kwa moja, ila huufungulia ujinga mlango. Alijiambia: mtandao upo, yeye yupo, anautumia kila usiku. Na mimi hanipokei.

Mlimani Mazoon naye alijiambia: huyu ni fundi, anajua mawe yanafanya nini. Huyu ndiye aliyekuwa hataki nipande. Kaliweka dishi pale makusudi, nishindwe, nirudi Ghubra.

Siku ya mwisho ya mwezi hesabu hazikwenda. Kesho yake Mazoon alichukua gari ya baba yake, akateremka mpaka barabara kubwa, akamtumia Wael kazi yote akiwa amechelewa. Jibu la Wael lilikuwa fupi: nafasi moja tu. Jumapili ya wiki ijayo awe kazini tangu asubuhi, kwa mtandao au kwa miguu yake, au aandike barua ya kuacha. Kisha, palepale kando ya barabara, malori yakipita, akampigia Jaifar.

"Leo umenikumbuka," Jaifar alisema.

"Nnakupigia nikuulize kitu. Dishi lako."

"Dishi langu zima. Nnaliona hapa."

"Zima?"

"Linafanya kazi kuliko yote. Kila usiku. Sasa mie nikuulize, Mazoon. Unazungumza na nani?"

Lori likapita. Alidhani hakusikia vizuri.

"Umesema nini?"

"Baada ya isha. Saa zetu. Unazungumza na nani?"

"Ndo unalotaka kujua? Hutaki kujua nnaishi vipi, nnafanya vipi kazi, unataka kujua nnazungumza na nani?"

"Jibu basi."

"Na mbuzi," alisema Mazoon. "Nnazungumza na mbuzi, Jaifar. Na mie nilikuwa nakuona mtu."

Safari hii alikata kweli. Jaifar alipiga mara nyingi. Mazoon alikuwa kashapita mahali mtandao unapoishia.

* * *

Ijumaa wanaume wote wa Hail Sidr huenda kuswali msikitini, na msikiti uko kijiji cha juu. Hata mzee Mahfoudh hubebwa na gari ya Muatasim. Kwa muda huo majlis inakuwa tupu.

Jaifar alikuwa katoka msikitini mapema kidogo pale Hamriya, kakaa garini, hana hamu ya chakula. Simu ikalia, picha na sauti. Akaiona sura asiyoijua, ya msichana mwenye kitambaa cha njano kichwani, na nyuma yake mito ya majlis anayoijua.

"Halo, bosi wa dishi? Mimi Shamira, wa kwa Mzee Mahfoudh. Namba yako imebandikwa kwenye hiki kisanduku. Plizi bosi, nina malalamiko."

"Kuna nini, limeharibika?"

"Halijaharibika. Hii waifai ni ya wanaume tu. Sisi wanawake tunapata Ijumaa, wakienda kuswali. Nimemaliza kuongea na mama yangu sasa hivi, ameniona, amelia, ndiyo nimesema nikuite haraka kabla hawajarudi. Unaweza kutuongezea hata ka-waya tukapata na ndani?"

Jaifar akaketi wima.

"Ndani hamna kabisa?"

"Ndani ni mawe, bosi. Sista anakaa nje, kompyuta kwa ndoo, chini ya dirisha la kahawa. Jua lote lake. Wiki jana alilia, akasema ni vumbi."

"Na usiku? Nani anautumia?"

"Usiku? Hao wazee! Wanaangalia mpira, wanaangalia ngamia wakikimbia, mmoja anaangalia watu wanapika keki. Ngoja, gari zinarudi. Bai, bosi."

Sura ikapotea. Jaifar alibaki na simu mkononi. Alikumbuka zulia alilolitazama siku ile kwa adabu kubwa. Angeuliza swali moja tu, lile analowauliza wateja wote: nani atatumia, na atakaa wapi?

* * *

Jumamosi alipanda mwenyewe na gari yake ndogo isiyofaa kwa njia ile, akipasua mawe. Alichukua waya ndefu na kisanduku cha pili. Hakuchukua wazee, wala mamake, wala halwa. Dishdasha yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini alipoingia.

Majlis ilikuwa imejaa.

"Karibu, fundi!" Muatasim alipiga kelele. "Mungu akulipe. Toka ulete dishi hili hata shamba hatuendi."

Jaifar aliwapa mikono wote, safu nzima, akafika kwa mzee Mahfoudh, akambusu paji la uso. Hakukaa.

"Ami, nimekuja kutengeneza kosa langu. Nnaomba ruhusa nivuke ua, niingize waya ndani, mpaka chumba anachofanyia kazi Bi Mazoon."

Simu mbili tatu zikashuka. Mzee aliweka kikombe chini.

"Mafundi wote wanaingia ndani humu," alisema. "Wa friji kaingia. Wa bomba kaingia. Anapiga hodi, wanawake wanasogea, anafanya kazi yake anatoka. Wewe siku ile ulikaa hapa kama mtu kafungwa kamba. Kwa nini hukuomba?"

Angeweza kusema alisahau. Mzee angemwamini, watu wangerudi kwenye simu zao.

"Wale walikuja na shughuli moja, ami. Mie nilikuja na mbili."

"Ya pili ipi?"

"Ya pili ilikuwa ije na mama yangu na wazee wangu. Si mie kuisema hapa, mbele ya mashekhe hawa na simu zao."

Muatasim akaizima simu yake, akaiweka juu ya zulia, uso chini. Mwingine akafuata, na mwingine. Haijapata kutokea toka dishi lifungwe.

"Zimezimwa," Muatasim alisema. "Haya, sema."

"Nnamtaka Mazoon, ami. Kwa halali."

Majlis ikaripuka. "Mashaallah!" "Kumbe dishi lilikuwa mahari!" "Na sisi tumekalia mahari ya watu mwezi mzima!" Mzee Mahfoudh peke yake hakucheka. Aligeuza shingo kwenye kidirisha cha kahawa, ambacho hakijafungwa.

"Mwenyewe anajua?"

Vichwa vyote vikageukia kidirishani. Kisha sauti ikatoka upande wa pili, ya mtu aliyekaa chini, karibu na ndoo.

"Mwenyewe anajua kuwa kesho ana kazi, na kazini washamwonya. Apitishe waya kwanza."

"Na kisha?" Jaifar aliuliza, akizungumza na ukuta.

"Kisha tutatazama."

"Mazoon, nilikuuliza swali la kipumbavu."

"Uliniuliza."

"Mtandao wa usiku ulikuwa mpira wa Muatasim."

"Nami sasa ndo kosa langu?" Muatasim alisema.

"Na mie nilidhani umeliweka pale makusudi," sauti ikasema, imeshuka. "Nishindwe nirudi."

"Ningetaka urudi ningekuja nikakuchukua. Nisingekutesa kwa waifai. Umenisamehe?"

"Jaifar, watu wanasikiliza."

"Wasikilize."

"Nimekusamehe, mwenye masinia. Lakini pale uliponiuliza nazungumza na nani, pale nitakukumbusha mpaka tuzeeke."

Kicheko cha Shamira kilisikika uani, kirefu, hakina adabu hata kidogo.

Jaifar alipiga hodi, wanawake wakasogea, akavuka ua. Alipitisha waya chini ya mlango, akakifunga kisanduku cha pili chumbani, juu ya kabati lenye marashi na faili za zahanati. Akakiwekea neno la siri lake mwenyewe, akampa Mazoon kwa karatasi kupitia Shamira. Kile cha majlis akakipunguza kasi mchana, wasile mtandao wote. Wazee walinung'unika kama wanavyonung'unika wakubwa wakipunguziwa posho.

Jumapili Mazoon aliingia kazini kutoka mlimani. Wael alimwona kwenye kioo bila ya kukatika, akaona hata kabati nyuma yake. Mchana hesabu za siku hiyo zilikuwa zimekwenda. "Endelea hivyohivyo," Wael alimwandikia.

Kwa hiyo dishi lilifaa. Lilihitaji waya na mtu wa kuuliza.

* * *

Bi Nasriya alipanda wiki iliyofuata na buibui lake jeusi la zamani, wazee wawili na vyungu vya halwa. Aliilaani barabara tangu mwanzo mpaka mwisho. Barabara ile iliahidiwa lami kabla ya mnara kuahidiwa, na wakubwa walioahidi hawajawahi kuipita kwa gari ndogo. Ingetiwa lami, mtu angeondoka Hail Sidr asubuhi akawa Hamriya kabla ya maduka kufunguliwa. Haikutiwa.

Ndani ya nyumba Mazoon alikuwa kavaa nguo ya kijani iliyotariziwa shingoni, hina mikononi, kajifukiza udi mpaka Shamira akapiga chafya.

"Sista, anakuja kukuposa au kukufukiza?"

"Nyamaza, nisikie wanasema nini."

Kidirisha kiliachwa wazi makusudi. Mahari yalikubaliwa kwa maneno machache, kila upande ukijifanya haujali. Siku ya akdi ya ndoa ikawekwa, baada ya Idi. Mzee Mahfoudh alitembea kutoka mto wake mpaka mlangoni kwa mkongojo, awaonyeshe kuwa anaweza, akarudi jasho linamtoka. Fatiha ikasomwa. Jaifar akakitazama kidirisha, na safari hii hakuna aliyemkataza.

Halwa ilikuwa inazunguka mzee alipoinua mkono.

"Jambo moja tu," alisema. "Duka la kijana liko Hamriya, na simu za watu hutengenezwa kwa mkono, hazitengenezwi kwa setilaiti. Binti yangu kazi yake sasa iko hapa, na dawa zangu ziko mkononi mwake. Mie nilikwishahama mara moja katika maisha yangu, nchi kwa nchi, na sihami tena. Barabara mnaijua."

Bi Nasriya akamtazama mwanawe. Mwanawe akakitazama kidirisha. Nyuma ya kidirisha bangili ziligongana, kisha zikatulia.

"Basi nambieni," mzee alisema. "Wakishaoana, nani anahama?"